Mbili Nukta Saba

Jumatatu, 3 Machi

Muhula umefunguliwa na mvua. Paa la darasa la somo la metali linavuja palepale lilipovuja mwaka jana, na mimi nimekaa palepale nilipokaa mwaka jana, kwa hiyo mimi na lile tone ni wenyeji. Wenzangu wote ni wageni. Anayerudia ni mimi peke yangu, na kila aliyeingia ameshanong'onezwa.

Mwalimu ni yuleyule, Jedwali. Tunamwita hivyo kwa sababu nyuma ya kitabu cha metali kuna jedwali refu: densiti ya kila metali, kiwango chake cha kuyeyuka, inavyotanuka ikipata joto, inavyopitisha umeme. Yeye amelihifadhi lote kichwani. Ukimpelekea namba isiyolingana na jedwali anakutazama kana kwamba umemtukania mama yake. Mwaka jana nilimpelekea shaba nyepesi kuliko chuma, akaniuliza niliiokota katika ndoto gani.

Sheria haijabadilika. Nikifeli metali tena, nafunga virago. Aliyenidhamini nirudie ni Mjomba, kaka yake mama, ambaye ni fundi wa kusubu hapa chuoni. Alikwenda mwenyewe kwa mkuu wa chuo akasema, "Huyu mpwa wangu si mjinga, ni mvivu tu. Uvivu nitautibu mimi." Nilikuwa nimesimama pembeni, nasikia kila neno. Asante sana, Mjomba.

Jumatano, 5 Machi

Sumaku. Chuma inakishika, alumini inaipita kama haijaiona. Nimeibeba sumaku nyumbani kwa Mjomba ninakokaa na kujaribu kila kitu jikoni mpaka mkaza mjomba akasema niitoe au nitoke nayo.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua. Nimekemewa tena kwa sababu ya kikaango. Mkono wa kikaango cha mkaza mjomba una uwazi ndani, na ukikizamisha chote kwenye beseni la vyombo, maji yanaingia mkononi. Kesho yake kikiwa jikoni kinaanza kulia tsss na kutema maji ya moto. "Nimesema mara ngapi, kioshwe tumbo tu!" Nimeitikia ndiyo, Mama. Kila mara naitikia ndiyo, Mama.

Jumatatu, 10 Machi

Leo darasa limepelekwa karakana kumtazama Mjomba akisubu, yaani akiyeyusha metali na kuimimina kwenye kalibu inayoipa umbo. Nilitamani ardhi inimeze. Mjomba akiwa na watazamaji hawi mtu, anakuwa sherehe. Alivaa lile koti la ngozi ambalo nyumbani huliita suti, akasimama mbele ya tanuri na kuanza kuhutubu.

"Chuma ni mtu muungwana," alisema. "Kikipata moto kinakuwa chekundu, kinakuambia baba, nimekasirika, usinishike. Hii alumini ni mnafiki. Nyeupe ikiwa baridi, nyeupe ikiwa moto, nyeupe mpaka dakika inapokuangukia mguuni."

Watu walicheka. Pacha, mwenzangu wa kikundi, alicheka mpaka akakohoa. (Si pacha wangu wala wa mtu yeyote. Aliingia darasani siku ya kwanza akiwa na shati la rangi sawa na langu, basi.)

Kisha Mjomba akaacha mzaha. Alisema adui wa kazi hii ni maji. Tone likiangukia juu ya metali iliyoyeyuka linachemka na kupotea, lakini maji yakinaswa chini yake hayana pa kutokea. Yanageuka mvuke kwa mara moja na kuirusha metali yote juu. Kwa hiyo hapa karakana kuna desturi moja. Kila anayeleta kipande cha kuyeyushwa anakileta kwa mkono wake, Mjomba anamuuliza, "Kikavu?" na yeye lazima ajibu kwa mdomo wake, "Kikavu." Kutikisa kichwa hakutoshi, na huwezi kumjibia mwenzio. Baada ya hapo kipande kinawekwa ukingoni mwa tanuri kipate joto, Mjomba anakitemea mate, na mate yakikauka kwa kishindo ndipo kinaingia kwenye chungu cha kuyeyushia.

Pacha akauliza kwa nini kuuliza, kama baadaye anakitemea mate.

"Kwa sababu mate ni yangu," Mjomba alisema, "na neno ni lako."

Jumatano, 12 Machi

Tumegawiwa vipande. Kila kikundi kimepewa kipande kimoja kisicho na jina, tukipime kila tabia yake ya kimaumbile mpaka tukitambue: sumaku, umeme, joto, kutanuka, densiti. Kazi hii peke yake ni nusu ya alama za muhula. Mwishoni vipande vya alumini vitayeyushwa pamoja na kusubiwa gurudumu la mashine ya karakana.

Chetu ni mguu wa mashine wa zamani, mnene kama mkate, wenye ngozi ya kijivu yenye chunusi. Kilisubiwa pamoja na mwenzake kwenye kalibu moja, miaka hiyo kabla ya Mjomba, na havikutumika kamwe. Mwenzake ndiye anayezuia mlango wa stoo usijifunge. Pacha amesema tumepewa ndugu yake kizuizi cha mlango, tusitegemee makubwa.

Ijumaa, 14 Machi

Sumaku haikishiki. Umeme kinapitisha vizuri. Ni alumini, hata kipofu ataona. Mvua tu.

Jumatano, 19 Machi

Siku ya densiti, siku iliyoniua mwaka jana.

Kazi yenyewe ukiieleza ni rahisi. Unapima uzito wa kipande kikiwa kikavu, mara moja tu, unauandika. Unakizamisha kwa uzi kwenye kopo la kioo lililojaa maji mpaka ukingoni. Maji yanayomwagika unayakinga na kuyapima, huo ndio ujazo wake. Unagawa uzito kwa ujazo. Alumini lazima itoe mbili nukta saba.

Uzito ulikuwa gramu mia nane na kumi. Maji yaliyomwagika yalikuwa mia tatu na arobaini. Nikagawa. Mbili nukta tatu nane.

Niliona mwaka jana unaingia mlangoni bila kubisha hodi. Pacha akasema nimegawa vibaya, akagawa yeye, akapata ileile. Akasema, "Labda si alumini." Sasa ni nini? Kwenye jedwali hakuna metali yenye namba hiyo ambayo ungeweza kuishika mkononi bila kuungua au kuchekwa.

Jedwali akapita. Nilijitahidi kuificha karatasi kwa kiwiko, lakini yeye hakuangalia karatasi, aliangalia kopo. Kipande kilikuwa kimezama kimetulia, na kutoka ubavuni mwake vilikuwa vinapanda viputo vidogovidogo, kimoja kimoja.

"Hiyo ni hewa iliyoshikamana na ngozi yake," alisema. "Hewa inachukua nafasi, kwa hiyo mnahesabu hewa pamoja na metali. Msisome mpaka itoke yote. Kiacheni kitulie."

Sikuamini. Jedwali ametusaidia! Tulikiacha mpaka kipindi kinaisha, tukakitoa, tukakifuta, tukapima tena maji. Mbili nukta tano. Pacha alinipiga bega. "Inapanda! Unaona? Inapanda!"

Tumekilaza kwenye ndoo ya maji mpaka asubuhi.

Alhamisi, 20 Machi

MBILI NUKTA SITA TISA.

Nimeiandika kwa herufi kubwa kwa sababu hakuna mtu wa kunizuia. Viputo vyote vimekwisha. Jedwali alisoma, akasoma tena, akanitazama juu ya miwani na kusema, "Binti, umejifunza kungoja." Alama zote. Nimekwenda karakana mbio kumwambia Mjomba, naye akamwambia kila mtu aliyepita, pamoja na mtu aliyekuja kuuza sabuni.

Jumatatu, 24 Machi

Mvua. Tone la darasani limepata mwenzake. Kipande chetu kiko rafuni karakana, kimefutwa kinang'aa. Mjomba amenunua nyama kwa ajili ya alama zangu. Mkaza mjomba amesema kwa alama hizo labda sasa nitaweza kuosha kikaango.

Jumatano, 26 Machi

Mjomba ameungua. Siwezi.

Alhamisi, 27 Machi

Naandika kwa sababu kila nikifumba macho naliona jambo lilelile, na pengine likikaa hapa litaniacha.

Jana asubuhi jua lilitoka kidogo. Nilikitoa kipande nje, nikakianika juu ya ukuta mfupi mpaka kikawa na joto la kupendeza. Nilijiona mwanafunzi makini. Saa nne vikundi vyote vilikuwa karakana, tanuri limewaka, na chungu kilikuwa tayari kimejaa alumini ya vipande vya wenzetu, imeyeyuka, inang'aa kama kioo. Chetu kilikuwa cha mwisho. Mkuu wa chuo aliingia na wageni wawili waliotaka kuona metali ikimiminwa. Jedwali aliangalia saa yake na kusema, "Fundi, wageni hawana muda mrefu."

Mjomba naye, ukimwambia ana wageni, umemwasha. Aliinua kioo cha kukinga uso ili wamsikie vizuri. Kile kioo. Aliwaambia ile hadithi ya chuma muungwana na alumini mnafiki, wakacheka. Kisha akanigeukia. "Haya mpwa wangu, lete mtoto wako." Nikampa. Akakigusa kwa mgongo wa mkono, kilikuwa na joto la jua. Akaniuliza mbele ya wote, "Kikavu?"

"Kikavu, Mjomba."

Sauti yangu ilikuwa kubwa. Nilifurahi kuulizwa mbele ya mkuu wa chuo.

Hakukiweka ukingoni. Hakukitemea mate. Alikibana kwa koleo na kukizamisha.

Watu wanasema mlipuko ulikuwa kama bomu. Haukuwa. Ulikuwa kama mtu mkubwa amekohoa ndani ya pipa. Kabla sijajua nilichosikia, chungu kilikuwa nusu tupu na ile metali nyeupe ilikuwa hewani, imetapakaa, nzuri kabisa, Mungu anisamehe, nzuri. Halafu ikaanguka. Nakumbuka mlio wake kwenye sakafu. Nakumbuka Mjomba amesimama na koleo mkononi kama bado anafanya kazi, na uso wake upande wa kushoto una vitone vya fedha. Hakupiga kelele. Alisema, kwa sauti ya kawaida tu, "Nani kazima taa?"

Taa zilikuwa zinawaka.

Mimi sikufanya kitu. Nilisimama. Aliyekimbia na ndoo ya mchanga ni Jedwali, na aliyemshika Mjomba mabega na kumketisha chini ni Jedwali, akamwambia, "Usijiguse. Usijiguse, ndugu yangu." Sikuwahi kumsikia akimwita mtu ndugu yangu. Mimi nilikuwa natazama juu. Matone mengine yalifika mpaka kwenye bati la paa na kugandia huko, yanang'aa. Nilikuwa nayahesabu. Kichwa kilikuwa kimeganda na hiyo ndiyo kazi kiliyoiweza.

Ijumaa, 28 Machi

Jicho la kulia litapona. La kushoto, daktari hasemi. Mkono umefungwa wote. Mkaza mjomba amekaa pembeni ya kitanda na hajalia. Amenikunjia mkono wa shati ulioungua ambao hata sikujua umeungua.

Jumanne, 1 Aprili

Kamati ya usalama imeanza kuuliza watu. Niliulizwa kama kipande kilikuwa kikavu. Nilisema nilikianika juani. Nilisema Mjomba alikigusa mwenyewe. Yote ni kweli, na nilipotoka nilijihisi mchafu bila kujua nimekanyaga nini.

Jumatano, 2 Aprili

Mvua.

Alhamisi, 3 Aprili

Leo kamati imetuita wote na kusoma ilichogundua. Nimeduwaa mpaka sasa.

Wamesema maji hayakutoka kwenye kipande. Wamesema kipande chenye uwazi ndani kingekuwa chepesi kwa ukubwa wake, na densiti ya kipande hiki ilipimwa na wanafunzi, ikathibitishwa na mwalimu, mbili nukta sita tisa, alumini kamili isiyo na tundu. Kwa hiyo maji yalikuwa kwenye koleo la fundi au kwenye glavu zake. Tena fundi aliinua kioo. Tena fundi hakukipasha joto. Uzembe. Wiki ijayo watakutana kuamua kama atabaki kazini, na nyumba tunayokaa ni ya chuo.

Namba yangu. Ile niliyoiandika kwa herufi kubwa. Wameichukua na kumfungia nayo Mjomba.

Nilirudi nyumbani. Mkaza mjomba alikuwa hospitali. Vyombo vilikuwa vimelala kwenye beseni tangu asubuhi, vyote vimezamishwa, mimi ndiye niliyevizamisha. Nikatoa kikaango ili nikifute. Kikalia. Ndani ya mkono wake, maji yalikwenda upande huu, yakarudi upande ule.

Nilikitikisa tena.

Nilikaa chini pale pale kwenye sakafu ya jikoni. Viputo. Vilitoka ubavuni, kimoja kimoja, mahali pamoja! Hewa iliyoshikamana na ngozi ingetoka kila upande. Ile ilikuwa inatoka ndani, na kila kiputo kilichotoka, maji yalichukua nafasi yake. Ndiyo maana namba ilipanda. Siku ya kwanza tulipima metali pamoja na tundu lake, na jibu lilikuwa la kweli: mbili nukta tatu nane, kipande kina uwazi tumboni. Kisha tukakilaza majini usiku kucha kikanywa mpaka kikashiba, na kiliposhiba namba ikafika kwenye kitabu, sisi tukashangilia. Nje kilikuwa kikavu. Jua lilikausha ngozi. Nilimpa Mjomba bomu lenye joto la kupendeza na kumwambia kikavu.

Ijumaa, 4 Aprili

Nimemwambia Pacha. Hakufanya mzaha hata mmoja, jambo ambalo kwake ni ugonjwa.

Kisha akasema, "Unajua ukifungua mdomo, zile alama zinafutwa. Nusu ya muhula. Mimi nitajikongoja. Wewe unarudi kwenu."

"Najua."

"Na yule hawawezi kumrudishia jicho."

"Najua, Pacha."

"Na huna ushahidi. Kipande kimeyeyuka."

Hilo ndilo lililonikata maini. Kweli kimeyeyuka. Nimegombana naye kwa maneno ambayo sitayaandika, kisha nimekwenda hospitali, na Mjomba, uso wote bandeji, akaniuliza masomo yanaendaje. Nikasema vizuri. Akasema, "Alama zote! Nimemwambia hata nesi." Akaniuliza pia, kwa sauti ya chini ili mkewe asisikie, kama kweli koleo lake lilikuwa na maji. Alisema amelifikiria sana lile koleo, halikumbuki likiwa limelowa, lakini wanaosema ni watu waliosoma, kwa hiyo labda lilikuwa limelowa.

Nimetoka nikalia barabarani bila haya. Mjomba, aliyebishana na kila mtu aliyewahi kukutana naye, ameanza kuwaamini.

Jumapili, 6 Aprili

Pacha amegonga mlango, amelowa chapachapa. Chini ya koti amebeba kizuizi cha mlango wa stoo.

"Ndugu yake," alisema. "Si vilisubiwa pamoja? Kama yule alikuwa na tundu, na huyu labda analo." Akakiweka mezani. "Usinitazame hivyo. Bado nakuona mpumbavu."

Jumatatu, 7 Aprili

Tumekwenda kwa Jedwali tukiwa na kizuizi, ndoo, kopo na mizani. Tulimkuta peke yake maabara. Nilitaka kusema maneno niliyoyapanga, yakanikimbia yote, nikasema tu, "Mwalimu, naomba upime wewe."

Akapima uzito kikavu. Akakizamisha. Mbili nukta nne. Viputo vikaanza kupanda, kimoja kimoja, kutoka kwenye ufa mwembamba kama unywele karibu na pembe. Jedwali alifungua mdomo, na mimi nilijua anachotaka kusema, ni hewa iliyoshikamana. Hakusema. Akainama karibu na kopo mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo.

Tulingoja mpaka mchana. Alighairi kipindi. Kila alipopima, namba ilikuwa imepanda. Mwishoni nikamwomba afanye jambo ambalo hatukulifanya, akipime uzito kwa mara ya pili. Tulikifuta kwa kitambaa mpaka kitambaa hakipati kitu. Kilikuwa kizito kuliko asubuhi. Maji ndani yake yangejaza kikombe kidogo cha kahawa.

Pacha akakiweka kwenye bamba la moto, nasi tukarudi nyuma ya ukuta, tukichungulia. Baada ya muda kikaanza kulia, tsss, kama kikaango cha mkaza mjomba, na kutema maji kutoka kwenye ule ufa.

Jedwali alivua miwani. Alikaa kwenye kiti cha wanafunzi, kile kifupi, magoti yakamfika kifuani.

"Mimi ndiye niliyewaambia mkiache kitulie," alisema.

Kipande kiliendelea kulia.

"Miaka yote nawaambia wanafunzi hivyo. Namba isipofika, ngojeni ifike." Alikitazama kile kipande kikitema. "Na mimi ndiye niliyewaambia kamati hakina tundu. Na mimi ndiye niliyeangalia saa."

Nilikuja nimejiandaa kubishana naye. Nilikuwa na hasira ya mwaka mzima na nimeinoa. Nilimtazama mtu mzima amekaa kwenye kiti cha mtoto, hasira yote ikaniisha, nikabaki na woga tu. Kama hata yeye hakuijua namba iliyo mbele ya macho yake, nani anaijua?

Jumatano, 9 Aprili

Kamati. Nilisema yote. Nilisema namba ya kwanza, ya pili na ya tatu, nikasema niliulizwa kikavu nikajibu kikavu. Mjumbe mmoja aliniuliza kama naelewa ninachojifanyia. Nilisema naelewa. Sauti haikuwa kubwa safari hii.

Jedwali alizungumza baada yangu. Hakujitetea hata kwa neno moja. Mkuu wa chuo alikuwa akimtazama kana kwamba kabati la ofisini limeanza kusema.

Jumatatu, 14 Aprili

Mjomba anabaki kazini. Amepewa onyo kwa kuinua kioo na kwa kutokipasha joto, na amesema onyo hilo ni halali yake. Alama zetu zimefutwa. Za darasa zima zimefutwa, maana kila kikundi kilingoja namba ifike, na wote watapima upya, uzito kabla na uzito baada. Mimi na Pacha pia. Darasani hakuna anayenisalimia isipokuwa lile tone.

Jumamosi, 19 Aprili

Mjomba yuko nyumbani. Jicho la kushoto linaona mwanga na kivuli, basi. Akitaka kukutazama anageuza kichwa upande kama kuku anayepima punje. Nilimwambia mwenyewe, maana barua ya onyo haikutaja, nimekaa chini mbele yake, kwamba maji yalikuwa ndani ya kipande changu na koleo lake lilikuwa kavu. Nilikuwa nimejiandaa kwa lolote.

Aligeuza kichwa kunitazama. Kisha akasema, "Koleo lilikuwa kavu?"

"Kavu kabisa, Mjomba."

"Nilijua!" Akampigia kelele mkewe jikoni. "Mke wangu! Nilikuambia! Lilikuwa kavu!" Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu siku ile, mkaza mjomba akalia.

Jumatano, 23 Aprili

Tumepima upya, kipande kingine. Mbili nukta sita. Uzito kabla na baada ni sawasawa. Haijafika kwenye kitabu, na Jedwali hajasema tungoje. Aliuliza, "Mnadhani ni kwa nini?" Hatukujua. Akasema hata yeye hajui, labda ni alumini iliyochanganywa, na akaandika alama. Sikuweza kuziona kutoka nilipokuwa.

Jumatano, 30 Aprili

Mvua imekatika. Matokeo yatabandikwa wiki ijayo na sijui kama nitarudi muhula ujao.

Leo Mjomba amewasha tanuri kwa mara ya kwanza. Hakukuwa na wageni. Kioo kilikuwa kimeshuka mpaka kidevuni na hotuba haikuwepo. Juu yake, kwenye bati, yale matone bado yameganda, hakuna aliyepanda kuyatoa. Vikundi vilipita kimoja kimoja. Kikavu? Kikavu. Kikavu? Kikavu. Nilikuwa wa mwisho tena. Kipande changu kilikuwa kipya, nimekipima mara mbili, kimekaa juani siku mbili, sikukigusisha hata jasho.

Mjomba akageuza kichwa, akaniweka kwenye jicho lake la kulia.

"Kikavu?"

Nilikigeuza kipande mkononi, nikitafuta ufa. Watu wote walikuwa wananitazama. Nilihisi machozi, nikahisi na aibu ya machozi.

"Sijui, Mjomba," nilisema.

Miaka yote ya desturi ile hakuna aliyewahi kujibu hivyo. Nilidhani atanifokea mbele ya darasa. Mjomba akakichukua kipande mkononi mwangu taratibu, akakiweka ukingoni mwa tanuri, akalaza koleo chini. Akavuta mabenchi mawili nyuma ya ukuta, mbali na tanuri.

"Basi kaa," alisema. "Tungoje."

Jedwali alikuwa mlangoni. Aliona, akaivua saa yake na kuitia mfukoni, akaja akakaa nasi. Kipande hakikulia, hakikutema kitu. Mjomba alikitemea mate, yakakauka kwa kishindo, na bado tuliendelea kukaa.